Cyborg ya Van Damme (1989): hela ndogo, maumivu mengi, na mimi bado naitetea

Naanza na hili kabisa maana watu wengi wanaikosea hii muvi kwa sababu ya jina lake: Van Damme kwenye Cyborg sio cyborg (mtu aliye nusu mashine). Ni binadamu wa kawaida, anatoka damu, anachoka, na kipigo anakula sana tu. Mwenye mashine kichwani ni mwanamke anaitwa Pearl Prophet na kwenye kioo haonekani muda mrefu kivile. Sasa mtu anaweka muvi akitegemea roboti zinarushiana moto, anakuta jamaa yuko kimya anatembea porini na viatu vya matope anawinda watu waliomuulia familia, anazima dakika ya 20 anaenda kuandika kwamba ni takataka. Hapana ndugu yangu. Ukiingia na matarajio sahihi hii ni moja ya picha za mateke zenye uchungu mkubwa ambazo Van Damme amewahi kufanya, na naisema hiyo nikiwa nimeangalia karibu kila kitu alichofanya miaka ile.

Stori kwa ufupi. Dunia imeshaharibika, serikali hakuna, sheria hakuna, halafu juu ya hapo ukaja ugonjwa, tauni ambayo wenyewe wanaiita kifo kinachoishi. Atlanta wamebaki wanasayansi wachache wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanatafuta tiba, ila taarifa wanazozihitaji ziko New York kwenye kompyuta. Pearl amejitolea mwili wake ugeuzwe nusu mashine ili abebe hizo taarifa kichwani mpaka Atlanta. Njiani anakutana na maharamia wa Fender Tremolo, na Fender hataki kuua tiba wala kuisaidia dunia, anataka kuimiliki yeye, akiwa nayo atakuwa mungu mtu. Hapo ndo anaingia Gibson Rickenbacker, yani Van Damme, ambaye kazi yake zamani ilikuwa kuwasindikiza watu kutoka mijini kwa malipo, wanawaita slinger. Gibson anamfuata Fender. Basi, hiyo ndo muvi nzima, dakika 86, fukuza fukuza kutoka kaskazini kwenda kusini.

Na hiyo Atlanta hawakuitaja hovyo, CDC makao yake makuu yapo Atlanta kweli na ni moja ya sehemu mbili tu duniani zinazotunza virusi vya ndui mpaka leo. Sisi tuliopita kwenye korona hiki kipande kinatugusa tofauti na walivyoguswa watu wa 1989. Zamani tulikuwa tunaona ni kisingizio tu cha kuanzisha ngumi, saivi ukisikia watu wanaongelea kundi dogo la madaktari wanaosubiria taarifa ili watengeneze dawa, na huku mtu mwenye nguvu anataka aishike yeye ili wengine wampigie magoti, unanyamaza kidogo.

Sasa tuje kwenye hela maana bila kuelewa hela huwezi kuielewa hii muvi.

Cyborg imetengenezwa na Cannon, kampuni ya akina Menahem Golan na Yoram Globus, mabinamu wawili kutoka Israeli ambao miaka ya 80 ndo walikuwa baba lao wa picha za ninja na za makomando, American Ninja ni yao, Bloodsport ni yao. Ila kufikia 1988 walikuwa hoi. Walishamwaga hela kwenye Superman IV na Masters of the Universe 1987, zote mbili hazikurudisha. Bado wakawa wanapanga kutoa Masters of the Universe ya pili pamoja na Spider-Man, dairekta wa zote mbili ni Albert Pyun, na mpango ulikuwa azipige picha kwa pamoja. Walishatumia kama dola milioni 2 kwenye seti na mavazi. Halafu mkataba na Mattel, wenye Masters of the Universe, ukafa, na wa Marvel, wenye Spider-Man, nao ukafa. Fikiria hiyo hali, una mavazi, una seti zimejengwa Wilmington kule North Carolina, watu wako tayari, na muvi huna.

Pyun akakaa wikiendi moja akaandika stori mpya ambayo ingetumia kile kilichokuwepo. Mwanzo alikuwa anamfikiria Chuck Norris, Cannon wakamletea Van Damme ambaye Bloodsport ilikuwa ndo imempa jina. Bajeti ikawa kama dola laki 5. Wakapiga picha ndani ya wiki tatu na kitu. Ikatoka Aprili 1989 ikaingiza zaidi ya dola milioni 10 Marekani peke yake. Kwa kampuni iliyokuwa inazama hiyo ilikuwa pumzi.

Nimeileta hii historia kwa sababu kila kitu unachokiona kwenye kioo kimetokana nayo, kibaya na kizuri. Kwa mfano unaona wale maharamia wamevaa minyororo, vyuma, ngozi, vitu havifanani, kila mtu kivyake, unadhani ni ubunifu wa mtu aliyekaa akafikiria kwamba dunia ikiisha watu watavaa chochote wanachookota. Lakini ni kweli pia waliookota ni watengenezaji wenyewe, walichukua yaliyokuwa yameshashonwa kwa ajili ya muvi nyingine. Na inafaa! Umaskini wa watengenezaji umeingia mpaka kwenye nguo za wahusika na macho yanaukubali moja kwa moja, haujifichi. Muvi za siku hizi za bajeti ya milioni 200 zikionyesha dunia iliyoharibika unaona kabisa uchafu umepakwa na fundi, mashati yamechanwa kwa mkasi. Hapa uchafu ni uchafu.

Mandhari ndo utaona hela imeisha. Kutoka New York mpaka Atlanta ni zaidi ya kilomita 1,200, ndefu kuliko Dar mpaka Mwanza, mtu anaenda kwa miguu, ila ukiangalia miti, ufukwe na kinamasi ni vilevile mwanzo mwisho maana walipigia picha eneo moja. Jiji lililobomoka la mwanzoni ni mchoro, halafu wanakupeleka haraka kwenye magofu na mahandaki. Kwangu hili halinisumbui sana kwa sababu Pyun ana jicho, anajua kuweka kamera chini, anaacha moshi na mwanga wa jioni ufanye kazi. Kuna vipande vya ufukweni ambavyo maharamia wanatembea kwa mstari na jua limelala nyuma yao, wala hakuna kilichotokea bado na tayari unaogopa.

Kuhusu majina, mtu yeyote aliyewahi kushika gitaa atashtukia mapema. Gibson, Rickenbacker, Fender, Tremolo, Marshall Strat, Pearl Prophet, Nady Simmons, yote yametoka kwenye magitaa, ampu, ngoma, kinanda na vifaa vingine vya muziki. Wapiga gitaa wa dansi kwetu haya ni majina yao ya kila siku. Pyun alipenda muziki na alitaka iwe hivyo. Mimi naipenda hii, inaipa dunia yao ladha kwamba watu wamesahau vitu vilikuwa vinatumikaje wamebakiza majina tu, japo ndani ya muvi hakuna anayeligusia hilo hata kidogo.

Haya, Fender. Naomba nikae hapa kidogo.

Adui mkuu ndo anabeba picha ya mateke, hilo kila mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza analijua, stelingi anakuwa mkubwa kwa ukubwa wa adui yake. Bolo Yeung alipombeba Van Damme kwenye Bloodsport ndivyo ilivyokuwa. Hapa wamemchukua Vincent Klyn, kijana aliyezaliwa New Zealand akakulia Hawaii, kazi yake ilikuwa kuteleza kwenye mawimbi, uigizaji sio fani yake na mapigano sio fani yake. Na wakapatia kuliko wangemchukua muigizaji mwenye jina. Jamaa ana mwili mkubwa lakini kitu kinachotisha ni macho. Muda mwingi wamemvalisha miwani myeusi, halafu akiivua unaona macho mepesi kabisa ya bluu karibia kuwa meupe, na hayapepesi. Yeye ndo anafungua muvi kwa sauti, anaelezea dunia ilivyokufa hatua kwa hatua, unadhani ni mtu anasikitika, mpaka anafika mwisho anasema kwamba anaipenda ilivyo, mateso anayapenda, vifo anavipenda. Sauti nzito inakwaruza. Ndani ya dakika mbili umeshajua stelingi anaenda kukutana na nini, hakuna pesa iliyotumika pale, ni sauti ya mtu na maneno tu.

Na Fender haongei sana baada ya hapo. Anaunguruma, anapiga kelele, anaangalia. Kuna watu wanaona ni udhaifu, mimi naona ni uamuzi mzuri, adui anayeelezea mipango yake kwa hotuba ndefu anachosha, huyu anaingia kijijini anachukua anachotaka anaondoka.

Sasa kuna kipande ambacho ndo moyo wa hii muvi na kama una roho nyepesi jiandae. Gibson kabla ya haya yote aliwasindikiza Mary na wadogo zake wawili kutoka mjini, akaishia kukaa nao, wakawa familia, akaacha kazi ya kupigana. Fender akaja. Anawafunga Gibson, Mary na mtoto wa kiume kwa waya wa seng'enge, anawaning'iniza juu ya kisima, na yule binti mdogo Haley ndo anaachwa ameshikilia waya kwa mikono yake mitupu. Yani uhai wao wote uko kwenye viganja vya mtoto. Kamera inakaa kwenye mikono. Unaona miba inaingia, damu inatiririka kwenye waya, mtoto analia lakini haachii, na uzito unamvuta kidogo kidogo, unajua kabisa mwisho wake ila na wewe unakaza ngumi pale ulipokaa. Hakuna teke hapo, hakuna ufundi wa kompyuta, ni waya na mikono na uso wa mtoto. Nimeangalia muvi nyingi za kulipiza kisasi, wengi wanamuua mke wa stelingi kwenye dakika ya tano ili tu apate sababu ya kupiga watu na baada ya hapo hakumbukwi tena. Hapa kile kisima hakimuachi Gibson muvi nzima. Kila akilala kinarudi, kila akipata upenyo wa kupumzika kinarudi. Ndo maana hacheki, ndo maana hata tiba ya dunia nzima haimshughulishi, anamtaka Fender tu.

Hilo la mwisho ni muhimu. Stelingi wetu hapa sio mkombozi. Nady, dada anayeungana naye njiani ambaye ugonjwa umemmalizia watu wake, ndo anaamini kwenye tiba, ndo anamsukuma. Pearl mwenyewe alipopata nafasi ya kuokolewa na Gibson anakataa kuondoka naye! Anaona kabisa huyu mtu peke yake hamuwezi Fender, bora aende na maharamia mpaka Atlanta kule atakuwa na nguvu zaidi. Mara ya kwanza kuona hicho kipande kinakera, unajiuliza sasa jamaa amepigana na wote hawa bure? Lakini ukifikiria ni mwanamke aliyekubali kugeuzwa mashine kwa ajili ya kazi moja, anapiga hesabu, hana muda wa kuonewa huruma. Natamani wangempa Dayle Haddon, anayemcheza Pearl, nafasi kubwa zaidi pale maana akitulia hivi anakaa kweli kama mtu ambaye nusu yake imeshaondoka.

Mateke sasa. Van Damme wa 1989 alikuwa kwenye kilele, mwili umekazwa na karate na baleti, teke la kuruka na kuzunguka linatoka safi. Kuna kipande cha mahandakini ambacho amejificha juu kwa kupiga msamba katikati ya kuta mbili, miguu imeshika kuta, haramia anapita chini yake hajui, halafu kisu kinashuka. Ni kipande kifupi ila ndo kinachoeleza kwa nini watu walimpenda, msamba wake kwenye muvi nyingi ni maonyesho tu, hapa una kazi. Mbinu ya mtu anayewindwa.

Ila sio mapigano yote yako hivyo, na hapa lazima niwe mkweli. Muvi imekatwakatwa. Pyun alitengeneza toleo lake zito na la huzuni, walipowaonyesha watu wa majaribio halikupokelewa vizuri, Van Damme akaingia mwenyewe chumba cha uhariri na Sheldon Lettich wakalipanga upya liwe la kasi zaidi. Matokeo yake kuna pambano linaanza vizuri halafu unaona teke linatoka huku, linafika kule, mtu ameanguka, katikati hujaona kitu. Mwendo wa polepole umetumika kupita kiasi, teke moja linarudiwa kwa pembe tatu. Ukitoka kuangalia picha za Hong Kong za kipindi hichohicho ambako mtu anapigana sekunde 30 bila mkato, utaona tofauti kubwa. Kumbukumbu za zamani zinazomrudia Gibson nazo zinaingia bila mpangilio, kuna sehemu unapotea hujui hii ni saivi au zamani. Na maongezi, jamani, Nady amepewa mistari migumu kuiamini na Deborah Richter anajitahidi mpaka unamuonea huruma.

Pale wanapokata kidogo ndo inang'ara. Nasema kile kipande cha mlingoti. Gibson amepigwa na Fender mpaka amekwisha, halafu wamemtundika msalabani juu kabisa kwenye mlingoti wa meli mbovu iliyokwama kwenye kinamasi, misumari mikononi, wamemuacha afe wakaondoka zao. Haley, yule binti wa kisimani ambaye sasa amekulia kwa maharamia, anamuangalia kisha anageuka anaondoka nao. Usiku unapita, kunakucha. Jamaa amebaki na mguu tu. Anaanza kupiga kisigino nyuma kwenye mlingoti. Anapiga. Kila akipiga kumbukumbu moja inarudi, familia, kisima, waya, anapiga tena, analia huku anapiga, mbao inaanza kulia nayo. Yani teke zuri kuliko yote kwenye hii muvi halimpigi mtu yeyote, linapiga mbao. Na Van Damme ambaye kila siku tunaambiwa hajui kuigiza, pale uso wake umebeba kila kitu, hana hata neno la kusema. Mlingoti unavunjika anaanguka nao, bado amepigiliwa. Ndo Nady anatokea kwenye matope anamsaidia. Kama mtu hataki kuangalia muvi nzima mwambie aangalie hicho kipande tu kisha aamue.

Pambano la mwisho liko Atlanta usiku, mvua inamwagika, na wote wawili wanapiga kelele kama wanyama. Mafundi wa mapigano wataona Klyn hajui kupigana, ni kweli hajui, anarusha mikono. Lakini ana uzito, na Pyun amekubali hivyo, kaifanya iwe ugomvi wa watu wawili wanaochukiana na sio mashindano ya ulingoni. Kuna dakika unadhani yameisha halafu hayajaisha. Kifo chenyewe cha adui ni cha ndoano ya kutundikia nyama, sitasema zaidi. Na Nady, siwezi kuacha kumtaja, yeye aliyeamini kwenye tiba toka mwanzo hapati kuiona, na muvi haimpi muda wa kutosha wa kumlilia. Hiyo inaniuma mpaka leo. Walikuwa na nafasi ya dakika moja tu pale wakaipitiliza.

Kuna jambo halionekani kwenye kioo ila mtu anayeipenda hii muvi anapaswa alijue. Jackson Pinckney, aliyecheza haramia anayeitwa Tytus, alipoteza uwezo wa kuona jicho la kushoto wakati wa kupiga picha, Van Damme alimpiga jichoni na kisu bandia. Alifungua kesi North Carolina akashinda, ikaamriwa alipwe dola 485,000. Linganisha na bajeti ya muvi nzima niliyoitaja pale juu, karibu zinalingana. Muda mfupi, hela ndogo, watu wanapigana karibu karibu, hii ndo gharama yake na aliyeilipa ni muigizaji mdogo ambaye jina lake watu hawalijui. Vijana wetu wanaopiga picha za mapigano kwa simu mitaani, mapanga ya bati, sakafu ya saruji, naomba mlisome hili mara mbili. Kisu bandia bado kinatoboa jicho. Pangeni umbali, rudieni pole pole, na kamera ikaribie nyie msikaribiane.

Kwa hao hao vijana nasema pia iangalieni hii kama darasa. Maana nasikia kila siku kwamba hatuwezi kutengeneza muvi za mapigano za dunia ya kesho kwa sababu hatuna hela za vifaa. Wilmington walikuwa na nini? Magofu, kinamasi, ufukwe, meli mbovu, moshi, na nguo za muvi nyingine. Ufukwe tunao, meli mbovu zimejaa, magofu ya Kilwa yapo, majengo yaliyoachwa nusu yapo kila mkoa. Walichokuwa nacho cha ziada ni adui mwenye macho yale na wazo moja lenye uchungu, mtoto ameshika waya. Hayo hayanunuliwi dukani. Sisemi ni rahisi, laki 5 za dola zile bado ni hela nyingi kwetu, nasema uwiano, wapi uweke nguvu na wapi uache.

Nikiipa alama ni 7 kwenye 10, na hiyo 7 nusu yake ni ya Fender na mlingoti. Ukiwa unapenda Van Damme wa Kickboxer, wa kucheza dansi baa na kucheka cheka, hapa utamkosa huyo. Ukitaka mashindano, raundi ya kwanza ya pili ya tatu, hakuna. Wale waliozoea picha zilizotafsiriwa, za akina Lufufu enzi zile au DJ Afro kwa ndugu zetu Kenya, nawaambia hii muiangalie na sauti yake yenyewe angalau mara moja kwa sababu ya ile sauti ya Fender mwanzoni na ukimya wa porini. Na watoto waondoke sebuleni, sio utani, damu ni nyingi, kile kipande cha kisima mtoto hatalala, na kuna sehemu ya Nady anaogelea hana nguo ambayo na wazazi mkiwa mmekaa wote mtaangaliana.

Upande wa matoleo, lile la kawaida la dakika 86 linatosha kuanza nalo, tafuta nakala safi maana muvi hii ina giza sana, ukiipata ile ya kurekodiwa mara kumi huoni chochote kwenye mahandaki unaona vivuli. Ukiipenda basi tafuta la dairekta mwenyewe linaitwa Slinger. Lilipatikana miaka mingi baadaye kwenye mkanda wa zamani, picha yake imechakaa, muziki ni tofauti kabisa, na ni zito kuliko hili. Sio la kuangalia na marafiki Jumamosi, ni la mtu anayetaka kujua Pyun alikuwa anataka kusema nini kabla hajanyang'anywa mkasi. Pyun alifariki 2022, maisha yake yote alitengeneza muvi za hela ndogo, nyingine mbovu kweli, lakini hii na Nemesis ya 1992 na yule Mfaransa Olivier Gruner aliyekuwa bingwa wa kickboxing ni kazi za mtu aliyekuwa anajua anachokitafuta.

Cyborg 2 ya 1993 ruka, Van Damme hayupo, stori ni nyingine kabisa, watu wanaiangalia kwa sababu ni Angelina Jolie kabla hajawa jina kubwa. Ya tatu sina cha kuisemea. Nenda moja kwa moja Nemesis.